Bandari ya Pangani: Mlango, Chombo na Daftari

Mkulima wa Taveta amwagiliaye migomba yake kwa maji ya mto Lumi huenda hajapata kupanda mashua hata siku moja maishani mwake. Hata hivyo anayo sehemu yake katika bandari moja iliyo mbali naye sana. Maji ya Lumi huingia katika ziwa Jipe, lililo mpakani mwa Kenya na Tanzania. Yakitoka Jipe huitwa mto Ruvu, nayo hukutana na maji ya mto Kikuletwa, yatokayo Meru na Kilimanjaro, katika bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo mto huitwa Pangani. Hushuka ukipita kando ya milima ya Upare na Usambara mpaka unapoingia katika Bahari ya Hindi, penye mji unaoitwa kwa jina lake. Mwendo wote wa maji hayo ni kama kilomita 500.

Pale mjini Pangani, ndani kidogo ya mlango wa mto, ipo bandari ndogo ya kale. Haina meli kubwa wala mitambo mirefu ya kupakulia kama Mombasa. Ina gati, mashua, majahazi, ngalawa za wavuvi, na watu wanaotaka kuvuka kwenda Bweni ng'ambo ya pili. Wengi wetu tukisikia neno bandari hufikiri habari za mambo makubwa tu. Lakini bandari ndogo ina mafunzo kwa mkulima na kwa karani, maana uhai wake hautegemei ukubwa wa mali, ila hutegemea kazi tatu zifanywazo kila siku bila kuchoka: kutunza mlango, kutunza chombo, na kutunza daftari. Moja ikiachwa, mbili zilizobaki hazifai kitu.

SIFA ZA ZAMANI

Katika karne ya kumi na tisa Pangani ulikuwa mji wenye jina kubwa. Misafara ya kwenda Kilimanjaro na nchi za Wamasai ilianzia hapo, na ikirudi ilileta pembe za ndovu, na pia, kwa huzuni kuu, watu waliouzwa kama bidhaa. Burton na Speke walifika Pangani mwaka 1857, kabla ya safari yao ya kwenda kwenye maziwa makubwa. Kando ya mto palikuwa na mashamba ya miwa, na kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa.

Mwezi wa Agosti 1888 watumishi wa kampuni ya Kijerumani walikuja kuushika mji, pamoja na ushuru wa bandari. Watu wa Pangani hawakukubali. Vita vikatokea, vikaongozwa na Abushiri bin Salim, vikaenea pwani yote. Mwezi wa Desemba 1889 Abushiri alinyongwa papo hapo Pangani. Twaona basi kwamba jambo la nani ashike mlango wa bandari, na nani aandike daftari la ushuru, halikuwa jambo dogo. Watu walimwaga damu kwa ajili yake.

Habari nyingine itawapendeza wakulima. Mwaka 1893 mche wa mkonge uliletwa Afrika ya Mashariki na Mjerumani aitwaye Richard Hindorf. Katika miche iliyoagizwa kutoka Marekani, 62 tu ndiyo iliyosalimika, nayo ilipandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka kwa miche hiyo michache yalitokea mashamba makubwa ya mkonge yaliyojulikana duniani pote.

Lakini mwaka ule ule wa 1893 reli ilianza kujengwa kutoka Tanga. Ikafika Korogwe mwaka 1902, na Moshi mwaka 1911. Korogwe upo kando ya mto huu huu wa Pangani, lakini mzigo wake haukuweza kushuka kwa maji hadi pwani, kwa sababu njiani karibu na Hale kuna maporomoko. Tena Tanga ina ghuba yenye kina, ambamo meli za moshi ziliweza kutia nanga salama. Pangani ina fungu la mchanga mlangoni, na chombo kizito hakipiti. Biashara kubwa ikahama. Hapakuwa na hila ya mtu wala bahati mbaya katika jambo hilo. Kina cha maji ndicho kilichoamua.

Tangu siku hizo bandari ya Pangani imebaki kuwa bandari ya watu wa kawaida: wavuvi, wenye nazi, wafanyabiashara wadogo, na wasafiri. Kwa hiyo yatupasa kuuliza jinsi bandari ya namna hii inavyotunzwa.

KAZI YA KWANZA: MLANGO

Mlango wa mto si kama mlango wa nyumba, ambao fundi akiisha kuutia hukaa pale pale. Mlango wa mto hutembea. Mawimbi ya bahari husukuma mchanga kuingia, na mkondo wa mto husukuma mchanga kutoka. Wakati wa kusi bahari huwa kali na mchanga husogea. Mvua za masika zikinyesha bara, mto hujaa tope na kubadili njia yake. Njia iliyokuwa na kina mwaka jana huenda mwaka huu ikawa fungu.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya msimamizi wa bandari ni kupima. Wazee walipima kwa bildi, yaani kamba yenye risasi iliyofungwa alama za pima. Siku hizi viko vyombo vya kupimia kwa sauti, navyo ni bora, lakini bildi bado hufanya kazi yake katika mikono ya baharia mwangalifu. Jambo kubwa ni kwamba kipimo kifanywe mara kwa mara, kiandikwe, na maboya yahamishwe yafuate njia mpya. Boya lililoachwa mahali pake pa zamani ni baya kuliko kukosa boya, maana nahodha mgeni huliamini.

Kazi nyingine ni kujua maji. Maji ya bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa muda upitao kidogo siku moja, na kila siku saa zake huchelewa karibu dakika 50. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua, maji yakajaa sana na kupwa sana. Katikati huja maji mafu, ambayo hayapandi sana wala hayashuki sana. Nahodha mwenye shehena hungoja maji yajae ndipo apite juu ya fungu. Akitoka nje bila kuangalia saa ya kurudi, atakaa nje akitikiswa na mawimbi mpaka maji yamhurumie. Saa za maji zikibandikwa gatini kwa maandishi makubwa, kila mtu ajuaye kusoma atafaidika.

Hapa ndipo mkulima wa bara aingiapo katika habari hii. Mto wenye nguvu husafisha mlango wake wenyewe. Maji yakipungua, bahari hushinda: mchanga huingia, na chumvi hupanda juu mtoni. Wakulima wa sehemu za chini za Pangani wamelalamika kwamba maji ya chumvi yamepanda hata kuharibu mashamba yaliyokuwa mazuri zamani. Maji ya mto huu yana wenyeji wengi. Wako wanaomwagilia kahawa, migomba, mpunga na miwa. Iko miji inayokunywa. Na iko mitambo ya umeme: cha kwanza kwenye maporomoko ya Pangani kilianza mwaka 1936, na kipya cha megawati 68 kilimalizika mwaka 1995. Ili maji hayo yagawiwe kwa haki, Tanzania iliweka mwaka 1991 ofisi ya maji ya bonde la Pangani, ya kwanza ya namna hiyo katika nchi hiyo.

Tena kuna udongo. Mtu akilima mlimani bila matuta, akalima mpaka ukingoni mwa kijito, mvua kubwa huchukua udongo wake bila kumwomba ruhusa. Ziwa Jipe limeonyesha jambo hili wazi: tope limeingia kutoka milima ya Upare na kwa mto Lumi, na magugu yameota mahali palipokuwa na maji wazi. Udongo wa juu hukamatwa na ziwa na bwawa, lakini vijito vya Usambara viingiavyo chini ya bwawa huchukua tope lao moja kwa moja kuelekea pwani. Mkulima hupoteza rutuba, na nahodha hupoteza kina. Hasara ni moja, watu ni wawili, wala hawajuani.

KAZI YA PILI: CHOMBO

Chombo cha mbao ni kama mnyama wa kufugwa. Kikiachwa bila kuangaliwa, hufa. Kila baada ya muda hupandishwa pwani, mbao zikaguliwe, nyufa zitiwe kalafati, na chini kipakwe deheni ili fukusi wasikitoboe. Tanga likichanika hushonwa siku ile ile. Ngama hufuliwa kabla ya safari, si baada ya abiria kulowa miguu. Mashua ya mashine nayo ina haja zake: mafuta safi, kifaa cha akiba, na mtu aliyefundishwa kuitengeneza. Kasia mbili ziwemo ndani hata kama mashine ni mpya, kwa sababu mkondo wa mto hautangoji fundi afike.

Msimamizi mwema wa bandari huchagua siku ya ukaguzi, akaitangaza, na chombo kibovu hakitoki. Hapo maneno huwa mengi. Mwenye chombo husema, "Bwana, nimepakia kwa miaka kumi hakijanizamisha." Jibu lake ni fupi: miaka kumi hiyo imekila chombo vile vile. Mtu asiyemkubali mkaguzi asiombe kumlaumu siku ya msiba.

Kuvuka kutoka Pangani mpaka Bweni ni kazi ya dakika chache tu, na kwa miaka mingi kivuko kimechukua magari, baiskeli, wanafunzi na wagonjwa. Ufupi wa safari hii ndio hatari yake. Mtu aendaye Unguja huangalia mbingu, hutafuta boya la kujiokolea, na huaga watu wa nyumbani. Avukaye mto haangalii kitu. Sisi wa Kenya hatuhitaji kufundishwa jambo hili na wageni. Tarehe 29 Aprili 1994, pale Mtongwe karibu na Mombasa, kivuko kilipinduka kama mita 40 tu kutoka pwani, na watu 272 wakafa. Wengi wao walikuwa wakienda kazini asubuhi. Kivuko kilichukua watu kupita kiasi chake. Mita 40 ni mwendo ambao mtoto huukimbia bila kuhema, lakini kwa mtu aliyebanwa chini ya chombo ni mbali sana.

KAZI YA TATU: DAFTARI

Makarani wenzangu hudharauliwa mara kwa mara kwa kuwa kazi yao ni wino na karatasi. Lakini bandarini karani huokoa watu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama katika ziwa Viktoria karibu na Mwanza, na watu mamia waliangamia. Meli hiyo ilikuwa na kiasi cha kuchukua watu 430. Orodha ya abiria wa daraja la kwanza na la pili ilikuwa na majina 443, yaani hao peke yao walikwisha kupita kiasi. Na abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha kabisa. Fikiri maana yake. Watu walikufa, na jamaa zao hawakuweza kupata hata mstari mmoja wa maandishi usemao kwamba walikuwamo.

Basi kanuni ni hii: kila aingiaye chomboni ahesabiwe, na hesabu ikitimia, mlango ufungwe. Kanuni hii ni rahisi kuandika na ngumu kushika. Utamsikia nahodha akisema, "Bwana Karani, waongeze hawa wawili tu, ni shangazi yangu na mwanawe, wanakwenda matangani." Karani mwenye moyo mwema huona haya. Naye yampasa kujibu kwa adabu, "Nahodha, shangazi yako ni shangazi yangu. Ndiyo sababu nataka afike. Atapanda safari ijayo, na nitamtafutia mahali pa kukaa kivulini." Neno kama hilo halimvunjii mtu heshima, na chombo hubaki salama.

Daftari lina kazi ya pili, nayo ni fedha. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila nauli na kila ushuru wa gati utolewe stakabadhi, na jumla ya siku ilinganishwe na hesabu ya watu na mizigo ya siku ile ile. Hesabu hizi mbili zikikubaliana, msimamizi atalala usingizi. Zikipishana, atajua leo, wala hatangoja mwisho wa mwaka. Fedha hiyo ndiyo inunuayo kamba, maboya, rangi na taa ya gati. Mtu aibaye nauli ya mto anaiba boya litakalokosekana usiku wa giza.

MANAHODHA WENGI

Jambo moja hutatiza bandari ndogo kuliko mchanga. Katika Tanzania bandari za pwani, kubwa na ndogo, zimewekwa chini ya Mamlaka ya Bandari. Usalama wa vyombo ni kazi ya Shirika la Uwakala wa Meli. Vivuko vya serikali vimekuwa chini ya Wakala wa Ufundi na Umeme. Maji yana Bodi ya Maji ya Bonde. Samaki, misitu ya mikoko na mji wenyewe vina wasimamizi wao. Kila mmoja ana kazi ya haki, na mto ni mmoja. Waswahili husema manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Dawa yake haitaki ofisi nyingine mpya. Inatosha wakuu hao wakutane mezani kwa siku iliyowekwa, pamoja na wazee wa wavuvi na manahodha, na kila mmoja aeleze atakalofanya mwezi ujao. Mwenye bwawa atangaze siku za kufungua maji mengi, ili mwenye mashua azijue. Mvuvi aonaye fungu jipya aseme, ili mwenye boya asikie. Mvuvi huyo, ajapokuwa hana cheo, yuko majini kila alfajiri. Habari zake ni za kweli kuliko ramani ya zamani.

BAADA YA DARAJA

Katika miaka ya 2020 ilianza kazi ya kujenga daraja la urefu wa mita 525 kuvuka mto Pangani, katika barabara ya pwani iendayo Saadani na Bagamoyo. Daraja ni neema. Mama mgonjwa hatangoja kivuko usiku, na nazi hazitaozea ng'ambo. Lakini watu wengine husema kwamba daraja likiwapo bandari haina kazi tena. Maneno hayo si sawa. Daraja huvusha mto. Haliendi baharini, halivui samaki, wala halipandi mto kuwaonyesha wageni minazi na mikoko.

Mbele ya Pangani kuna Maziwe, kisiwa kilichohifadhiwa tangu 1975. Zamani kilikuwa na miti. Bahari ikakila, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, kikabaki fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa. Wageni huenda kutazama matumbawe na samaki wake kwa mashua za Pangani. Kazi kama hiyo yaweza kuwalisha vijana wa pwani, kwa sharti kwamba mashua ni nzima, saa za maji zinajulikana, na majina ya wageni yameandikwa kabla ya kutoka. Nyumba za kale za mjini nazo ni mali, lakini hakuna mgeni atakayerudi kuziona kama siku ya kwanza alikaa saa nne juu ya fungu kwa uzembe wa mwenyeji wake.

Basi kila mmoja wetu ana zamu yake. Mkulima wa mlimani na apige matuta, aache majani ukingoni mwa kijito, na afunge mfereji wake akiisha kumwagilia. Karani na ahesabu, aandike, na akatae kwa upole. Nahodha na akubali kukaguliwa. Na abiria, ambaye ndiye mwenye roho yake, akiona chombo kimejaa, na ashuke hata kama amekwisha kulipa. Nauli hurudishwa.